Jinsi ya kuomba kibali cha kiwanja cha helikopta cha hospitali, Tanzania

Mgonjwa aliyeteremshwa kutoka Kilimanjaro au majeruhi wa ajali ya basi anastahili kushushwa jirani na mlango wa dharura, si kwenye uwanja wa mpira wa shule uliojaa vumbi na watoto wanaokimbilia kuona chopa. Ndiyo maana natamani hospitali zetu za mikoani ziombe vibali vya viwanja vyao wenyewe. Kazi yenyewe inawezekana, ila inataka mpangilio.

Kwanza, jua unamwomba nani. Mdhibiti ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Watu wengi huichanganya na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege (TAA), ambayo kazi yake ni kuendesha viwanja vya serikali. Helikopta ikitua mara moja tu kwa dharura, mipango hufanywa na rubani na kampuni yake. Mwongozo huu ni wa sehemu ya kudumu.

Kabla ya kuandika barua, zungumza na kampuni za helikopta zinazohudumia mkoa wako, uulize helikopta kubwa kuliko zote itakayokuja kutua hapo. Urefu wake, kuanzia ncha ya mapanga ya mbele hadi ncha ya nyuma yakiwa yanazunguka, ndio unaoamua vipimo vyote. AS350, aina inayoonekana sana Afrika Mashariki, ina urefu wa karibu mita 13. Viwango vya kimataifa vinataka eneo la kutua na kuruka liwe na upana wa mara moja na nusu ya urefu huo, yaani mita 19.5, halafu uongeze ukingo wa usalama wa robo ya urefu kila upande. Jumla inafika mita 26 kwa 26, pasipo mti, nguzo wala tangi la maji. Helikopta ikiwa ndefu zaidi, piga hesabu upya.

Mita hizo 26 ni za ardhini tu. Helikopta haishuki wima kama lifti. Huja kwa mwinamo na kuondoka hivyo hivyo, kwa hiyo inahitaji njia za angani zilizo wazi, mbili ikiwezekana, zinazoelekea pande zinazokaribia kupingana. Simama katikati ya eneo ulilochagua, tazama upepo unavuma kutoka wapi mchana, kisha andika kila kitu kilichosimama kwenye njia hizo: nyaya za umeme, mnara wa simu, mikaratusi. Nyaya ndizo za kuogopwa zaidi, kwa sababu rubani huchelewa kuziona. Kwenye miinuko kama Mbeya au Arusha zingatia pia kwamba hewa nyepesi ya mchana wa joto hupunguza nguvu ya helikopta kupanda, hivyo njia finyu haifai.

Sasa mlete mpima ardhi. Mwambie mapema kwamba majira ya eneo, yaani namba zinazoonyesha mahali hasa lilipo, yatolewe kwa mfumo wa WGS-84, maana ndio unaotumika katika usafiri wa anga. Ramani zetu nyingi za zamani zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na namba zilizonakiliwa huko bila kubadilishwa huweza kuhamisha eneo lako takribani mita 300. Kwa rubani anayekuja usiku au kwenye ukungu, hizo ni mita za hatari.

Jalada la maombi liwe na barua inayoeleza matumizi na aina ya helikopta, hati miliki au mkataba wa ardhi, ramani ya upimaji yenye vikwazo na urefu wake, na michoro ya mhandisi. Ambatanisha muhtasari wa kikao cha serikali ya mtaa au kijiji wenye mhuri, kwa kuwa majirani ndio watakaosikia kelele na kuona mabati yao yakitikiswa na upepo wa mapanga. Suala la mazingira lifikishe NEMC, chombo cha serikali cha usimamizi wa mazingira, kupitia mtaalamu aliyesajiliwa, tena mapema. Kama uko ndani ya hifadhi, mwenye hifadhi naye ahusishwe. Kama uko karibu na kiwanja cha ndege, waongoza ndege lazima wajue. Malipo yote yafanye kwa kumbukumbu namba ya serikali, usimpe mtu fedha mkononi.

Usimwage zege kabla ya kupata jibu. Mkaguzi akitaka eneo lisogezwe, hasara itakuwa yako.

Ukiruhusiwa kujenga, sehemu ya kugusa ardhi iwe imara na yenye mteremko usiozidi asilimia 2, wa kupitisha maji tu. Alama ya hospitali ni H nyekundu juu ya msalaba mweupe. H yenyewe ina urefu wa mita 3 na upana wa mita 1.8, na mstari wake wa kati unakatiza njia ya kuingilia kwa pembe mraba, kwa hiyo miguu yake inamwonyesha rubani aje kutoka upande gani. Weka mfuko wa kuonyesha upepo mahali ambapo majengo hayauzibi. Andaa vizima moto, na wafunze wauguzi na walinzi kutoikaribia helikopta mpaka rubani awape ishara, na kutopita nyuma kabisa: panga la mkia likizunguka halionekani.

Baada ya ukaguzi na kibali, wajibu unaendelea. Mtu mmoja mwenye jina na simu inayopatikana awe msimamizi wa kiwanja. Jirani akianza kusimamisha mnara au ghorofa, msimamizi huyo aiarifu TCAA na kampuni za helikopta siku hiyo hiyo.