Kurekebisha tovuti ya programu huria: somo kwa wenye bando dogo

Wengi hudhani kuchangia programu huria ni lazima uandike msimbo wa kompyuta (code). Mlango ulio wazi zaidi ni tovuti ya mradi: maelezo yaliyochakaa, viungo vilivyokufa, picha nzito. OpenMRS, ile programu ya rekodi za wagonjwa, ilianza 2004 na ikatumika Eldoret kuanzia 2006. Mradi wa umri huo hukosa mikono ya kupalilia kurasa zake.

Kwanza, soma faili ya CONTRIBUTING, yenye maelekezo kwa wachangiaji, kisha pitia kero zilizoripotiwa usije ukashika kazi ya mwenzako.

Pili, jitengenezee nakala (fork) kwenye GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya programu, kisha uishushe kwenye laptopu kwa Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya faili:

git clone --depth 1 ANWANI-YA-NAKALA

Hiyo --depth 1 ndiyo mkombozi wa bando. Inashusha hali ya sasa tu, bila historia yote ya mradi.

Tatu, fungua tawi, yaani njia ya pembeni ya kufanyia kazi yako: git switch -c rekebisha-viungo. Tawi kuu liache lilivyo.

Nne, hariri, kisha jitazamie mwenyewe kabla ya kutuma. Kama tovuti imejengwa kwa Hugo, programu ya kutengenezea tovuti, andika hugo server na ufungue localhost:1313.

Hapa ndipo sisi wa kando ya ziwa tunafaidi. Mvua ya alasiri ikishuka Kisumu, stima hupotea na mtandao hufuata. Git haijali. Linus Torvalds aliibuni 2005 na kazi yake hufanyika ndani ya mashine yako, kwa hiyo git commit (kuhifadhi mabadiliko) unaifanya gizani, na git push (kuyapeleka GitHub) ingoje mtandao urudi. Siku hizi nahifadhi kila baada ya rekebisho dogo, tangu betri inifie nikiwa na kurasa sita mkononi.

Mwisho, tuma ombi la kuunganisha (pull request), ili wasimamizi wayapokee mabadiliko yako. Ombi moja, jambo moja. Ukichanganya kiungo kilichokufa na rangi mpya za menyu, mtabishania rangi wiki nzima na kiungo kitabaki maiti.

MASWALI

Nakuru: Mwalimu, mimi nina simu tu.
Yatosha kuanzia. Fungua faili kwenye GitHub kwa kivinjari, bonyeza alama ya penseli. Usipokuwa na ruhusa ya kuandika, itakuundia nakala.

Kakamega: Baada ya git merge nimeona <<<<<<< katikati ya ukurasa. Nimeharibu?
Hujaharibu kitu. Wewe na mwenzako mmegusa mstari mmoja. Juu ya ======= ni yako, chini ni yake. Baki na lililo sahihi, futa alama zote, kisha git add na git commit.

Kisumu: Naweza kutafsiri ukurasa kwa Kiswahili?
Kwa Hugo, kuanza.md hupata ndugu yake kuanza.sw.md, mradi wasimamizi waongeze sw kwenye mipangilio. Waulize kwanza. Nami nakuuliza: toleo jipya likitoka, nani ataurekebisha? Kama ni wewe, anza na ukurasa wa kusakinisha, huo ndio hubadilika mara nyingi.