Kabla hujahamisha krediti chuo cha Marekani, angalia haya

Jamani wengi wetu tunaofika huku Marekani tunauliza je, masomo niliyosoma nyumbani yatakubaliwa? Mi naomba uliza zaidi ya hapo, maana kukubaliwa ni kitu kimoja na kuhesabiwa kwenye digrii yako ni kingine kabisa. Nilivyoingia chuo huku na diploma yangu ya biashara waliniandikia kwamba wamepokea krediti 42 (yaani pointi za masomo unazokusanya mpaka digrii itimie), nikampigia mama simu usiku huohuo kwa furaha, kumbe siku nimekaa na mshauri wa masomo akafungua karatasi ya mahitaji ya digrii akaanza kupiga tiki moja moja, zikaingia 18, zilizobaki 24 zote zikatupwa kwenye masomo ya hiari na huko digrii yangu ilikuwa inataka 9 tu. Krediti 15 hivihivi, hazina pa kukaa.

Kilichoniponza ni silabasi. Transkripti inaonyesha jina la somo na gredi basi, mtu wa huku hajui "Uhasibu 1" mlisoma nini, kwa hiyo ilibidi dada yangu aende chuoni kule nyumbani apige picha muhtasari wa kila kozi anitumie WhatsApp, na mbili hazikupatikana mpaka leo. We ambaye hujapanda ndege chukua silabasi zote zenye muhuri, chukua transkripti, na kama unadaiwa ada malizana nao kwanza maana deni huwa linashikilia transkripti.

Halafu usikimbilie kulipia tathmini ya vyeti. Kampuni kama WES zina ripoti ya aina mbili, moja inasema tu cheti chako ni sawa na nini huku, nyingine inachambua kozi kwa kozi, na chuo kinachotaka kukupa krediti kwa kawaida kinataka hiyo ya pili. Waulize kwanza wanakubali kampuni gani.

Digrii ya kwanza kawaida ni krediti 120 na vyuo vingi vinataka 30 hivi za mwisho au zaidi uzisomee kwao, kwa hiyo hata ukija na mia haimaanishi umebakiza ishirini. Gredi chini ya C mara nyingi haihami, na GPA ya zamani, yaani wastani wa gredi zako, kwa kawaida haiji nawe. Chuo kinachogawa mwaka kwa robo badala ya semesta nacho hesabu zake ni tofauti, krediti 45 za kwao ni 30 za semesta.

Wanaoanzia komyuniti koleji, vile vyuo vya miaka miwili, mnafanya vizuri, ada iko chini sana, ila chagua kozi ukiwa umeshajua unahamia wapi. California kuna tovuti ya ASSIST inakuonyesha kozi ya koleji yako inasimama badala ya ipi kule kwenye vyuo vikuu vya jimbo, UC (University of California) au Cal State. Texas wana namba za kozi za pamoja, kozi ya Kiingereza ENGL 1301 ni ileile kwenye vyuo vyote vilivyomo kwenye mfumo huo.

Mitihani ya CLEP pia ipo, ya College Board, unafanya mtihani mmoja badala ya kukaa semesta nzima. Alama ni 20 mpaka 80, pendekezo la ACE (baraza la elimu la Marekani) kwa mitihani mingi ni 50 upewe krediti, lakini chuo ndo kinaamua na vingine havipokei kabisa. Ukifeli unasubiri miezi mitatu. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi, humo kuna Kifaransa, msikiache! Kiswahili hakimo, ila ACTFL, shirika la walimu wa lugha za kigeni, wana mtihani wa mazungumzo wa Kiswahili, uliza chuo chako kama wanampa krediti mtu aliyekua na lugha yake maana wengine wanakataa.

Mi baada ya yale ya mwanzo, nilipotaka kusoma takwimu kiangazi kwenye koleji ya jirani niliwaandikia imeili ofisi ya msajili kabla sijalipa senti: kozi hii, namba hii, koleji hii, silabasi hii hapa, nikipata C itajaza nafasi ipi kwenye digrii yangu? Wakajibu baada ya siku mbili, itajaza hitaji la hesabu. Nikaiprinti ile imeili nikaiweka kwenye faili, ndo nikaenda kujisajili.