Kupaka rangi na kubadilisha nembo za gari ukiwa nyumbani

Gari zetu nyingi hapa Dar zinatoka Japani zikiwa zimeshatumika, na mara nyingi nembo huchakaa kabla ya bodi. Kromu inapauka, inachubuka, herufi moja ya HARRIER inadondoka njiani. Ni kazi ya kufanyia uani kwako. Kupuliza rangi ndiyo sehemu rahisi. Kazi ipo kwenye kusafisha na kusubiri ikauke.

Kabla hujagusa chochote, ichunguze nembo ya mbele. Toyota za miaka ya karibuni zenye mfumo wa kuzuia kugonga huwa na rada nyuma ya nembo ya kwenye shoo (grili ya mbele). Utaitambua kwa sababu uso wake ni bapa na laini, mistari ya nembo iko ndani na ukipapasa huisikii kidoleni. Hiyo usiipake rangi wala usiibadilishe kwa nembo ya kawaida, maana rada inaweza kushindwa kusoma mbele.

Hatua ya 1: Weka alama. Bandika maski tepu chini ya maneno na pembeni mwake, kisha piga picha ukiwa umeweka rula. Herufi zikishatoka, macho yatakudanganya.

Hatua ya 2: Ng'oa. Acha gari juani mchana mpaka gundi ilainike. Siku ya mawingu, azima draya ya saluni. Bisibisi weka mbali. Chukua uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, upitishe nyuma ya nembo, uvute huku na huku kama unakata kwa msumeno. Ukikwama katikati, huenda nyuma kuna pini zilizoingia kwenye matundu ya bodi. Hapo usilazimishe upande mmoja, vuta moja kwa moja kuja kwako.

Gundi iliyobaki isugue kwa kidole gumba, itajiviringa yenyewe. Inayogoma ipanguse kwa mafuta ya taa kidogo, halafu osha kwa sabuni mpaka utelezi uishe. Tina, ile ya kuyeyushia rangi, usiisogeze kwenye bodi, hasa kama gari limewahi kurudiwa rangi gereji: inaweza kuilainisha rangi hiyo ukaondoka nayo. Kivuli cha maneno ya zamani kikibaki, kisugue taratibu kwa kompaundi, yaani dawa ya kung'arishia rangi ya gari. Kitapungua, ila kwenye gari lililopauka sana hakiishi chote.

Sasa amua: unapaka au unanunua? Kromu ikiwa inabanduka vipande vipande, au pini zimevunjika, nenda maduka ya spea Gerezani, Kariakoo, ukiwa na nembo yako mkononi. Linganisha upana na nafasi kati ya pini kwa nyuma. Mimi nachagua orijino iliyotumika kuliko mpya ya kuigiza. Zile nyepesi kupindukia kromu yake haikai.

Hatua ya 3: Paka rangi. Nembo nyingi ni plastiki iliyopakwa kromu, na rangi haishiki kwenye kitu kinachong'aa. Sugua kwa msasa wa maji namba 600, malizia na 800, mpaka mng'ao wote upotee. Kwenye kona za herufi tumia lile dodoki la kijani la kuoshea vyombo. Osha, kausha, kisha usiguse tena kwa mkono mtupu. Zibandike juu ya vipande vya mbao uweze kuzizungusha.

Tikisa kopo vizuri, anza na praima ya plastiki. Puliza ukiwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, mikono (matabaka) myepesi miwili au mitatu, ukisubiri dakika 10 hadi 15 kati ya mkono na mkono. Fuata na rangi, kisha kilia, lile tabaka angavu la kumalizia. Anayetaka kumaliza kwa mkono mmoja mzito atapata michirizi.

Adui mkubwa hapa kwetu ni unyevu. Ukipuliza jioni au baada ya mvua, rangi inaweza kukauka na ukungu mweupe. Muda mzuri ni kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, kivulini, ndani ya boksi kubwa lililokatwa upande mmoja ili vumbi la barabarani lisikufikie. Masika, subiri siku kavu. Vaa barakoa, na jiko la mkaa liwe mbali kabisa, kwani hewa ya makopo hayo inashika moto. Acha zikauke hadi kesho yake.

Hatua ya 4: Bandika. Tumia tepu ya povu ya pande mbili ya magari, siyo ya kubandikia picha ukutani. Ikate iwe ndogo kidogo kuliko nembo isichungulie. Panguza bodi kwa alkoholi ya isopropili. Spiriti ya kusafishia vidonda iache, maana baadhi zina mafuta. Fuata alama zako, bandika, bonyeza kila herufi kwa nguvu sekunde 15 au zaidi. Tepu nzuri hufikia takribani nusu ya nguvu yake ndani ya dakika 20, asilimia 90 baada ya saa 24, na zote baada ya saa 72. Kwa siku hizo tatu usipeleke gari kuoshwa kwa pampu.

Kuna wanaohofia wezi wakapiga ribiti. Tundu jipya kwenye bati, na hewa hii ya chumvi, ni kutu. Silikoni inayonuka siki nayo inakula chuma, isikae karibu na bati lililo wazi. Nembo ikiibiwa utanunua nyingine. Buti likishika kutu utamlipa fundi wa bodi na wa rangi pia.