Klachi inateleza, shokapu za mbele zinavuja: tengeneza mwenyewe pikipiki ya zamani ya injini ya CG

Wakuu, naongelea Honda CG125, ile iliyotoka 1976, pamoja na Wachina wote waliokopi injini yake, cc 125 na 150. Vijiweni zimejaa na nyingi zinaumwa magonjwa hayo mawili.

Hatua ya 1: jua ugonjwa kabla hujaenda dukani. Ukivuta mafuta injini inalia ila pikipiki haipandi mlima, hapo klachi inateleza. Ukikamata klachi alafu pikipiki bado inataka kwenda, gia zinagonga na nyutro huipati, hapo haiachii vizuri. Mafundi wengi wakisikia klachi tu wanakwambia nunua pleti (zile sahani za ndani ya klachi zinazoshikana), we subiri kwanza.

Hatua ya 2: waya. Kwenye ncha ya mkono wa klachi panatakiwa uchezaji wa milimita 10 mpaka 20 kabla haijaanza kuvuta. Ukibana sana pleti hazishikani vizuri kwahiyo inateleza, ukilegeza sana haiachii. Waya ukiwa umeanza kukatika nyuzi pale kichwani badilisha, usiunge.

Hatua ya 3: oili. Klachi ya hii mashine inaoga oili ileile ya injini, sasa mtu anaweka oili ya gari ya kisasa yenye dawa ya kupunguza msuguano alafu anashangaa klachi inateleza, si ndo kazi yake hiyo! Tafuta kopo limeandikwa JASO MA, yani alama ya oili ya pikipiki zenye klachi inayooga oili. Ukibadilisha oili na kurekebisha waya ikakaa sawa, hela ya pleti imebaki mfukoni.

Hatua ya 4: bado inateleza? Fungua. Mwaga oili, toa kiki, toa na chochote kinachokuzuia upande wa kulia, fungua bolti za kava kwa spana namba 8 na uzipange kwenye boksi kama zilivyokaa maana urefu haulingani. Kava likigoma ligonge taratibu kwa mbao, usichokonoe na bisibisi utaharibu uso wa gasketi. Ndani kuna bolti nne zenye springi, legeza kwa kupishana kidogo kidogo. Katikati utakuta nati ya mikato minne au ringi ya kutoa kwa plaizi, inategemea toleo. Nati ina soketi yake maalum, bei yake ndogo, kwahiyo achana na mambo ya kugonga na patasi.

Pleti za msuguano linganisha unene na mpya. Za chuma zilaze juu ya kioo, ikicheza imepinda, ikiwa ya bluu imeungua, tupa. Springi badilisha zote nne hata kama moja tu ndo fupi. Alafu angalia zile kuta za beseni ambapo meno ya pleti yanakaa, zikiwa na vishimo pleti zinakwama humo na klachi haiachii. Vishimo vidogo unapiga tupa, vikubwa nunua beseni.

Pleti mpya ziloweke kwenye oili safi kwa masaa kadhaa, usizifunge kavu. Na ukiwa humohumo fungua kile kichujio cha kuzunguka kwenye ncha ya krenki (shafti kuu ya injini), skrubu tatu tu, utakuta tope jeusi limeganda, safisha. Wengi hawajui kama kipo. Gasketi mpya, funga, jaza oili.

Hatua ya 5: shokapu. Usiichukulie poa, oili ikishuka mpaka kwenye viatu vya breki ya mbele huna breki. Weka kreti chini ya injini, toa tairi na madigadi. Legeza vifuniko vya juu kidogo wakati miguu ya shokapu bado imeshikwa, na legeza ile bolti ya chini ya mguu springi ikiwa bado ndani, maana springi ndo inazuia kile kifimbo cha ndani kisizunguke. Ukishatoa springi bolti itazunguka na kifimbo chake na utashinda hapo.

Mwaga oili, vua mpira wa vumbi, toa ringi ya waya, toa ile bolti ya chini uchomoe bomba kwenye mguu, kisha nyanyua sili (ule mpira unaozuia oili isivuje) kwa bisibisi pana na uweke kitambaa usikwaruze. Saizi imeandikwa kwenye sili yenyewe, mfano 31x43x10.3, yani ndani, nje na unene. Sasa pitisha kucha kwenye bomba. Kutu ndogo piga msasa laini na oili, ila ikiwa na mashimo sehemu ambayo sili inapita, hata ufunge sili ya bei gani itachanika tu, tafuta bomba zima.

Rudisha bomba na bolti yake ya chini, funika ncha ya juu ya bomba kwa mfuko wa nailoni, paka sili grisi, ipitishe, igonge ndani sawasawa kwa kutumia sili ya zamani juu yake. Weka oili ya shokapu ya 10W, ukikosa, ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) inafanya kazi, ile oili chafu ya injini hapana. Pampu kidogo itoe hewa, alafu pima kina pande zote mbili bomba zikiwa zimezama na springi iko nje, vilingane. Rudisha springi na vifuniko.

Ukirudisha tairi, pampu shokapu mara kadhaa kabla hujakaza ekseli ya mwisho, la sivyo miguu inabanana. Kamata breki ya mbele sukuma mbele nyuma: ikigonga pale shingoni, hiyo sio shokapu, ni goroli za stelingi.