Mbu wa Januari huko Ulaya: mtambue nzi wa baridi kwa umbo lake

Mchana wa Januari, barafu bado iko kwenye nyasi, kikundi cha wadudu wenye miguu mirefu kinapanda na kushuka hewani pale pale mahali pamoja. Aliyekulia Pwani atasema ni mbu. Mara nyingi siye: ni nzi wa baridi, jenasi Trichocera. Hang'ati, na mabuu yake huishi kwenye majani yanayooza. Kumtambua hakuhitaji maabara. Lenzi ya kukuza mara 10 hadi 20, kibano chembamba na taa ya kumulika kutoka ubavuni vinatosha.

Mkamate kwa wavu mwepesi, umtie kwenye kichupa kikavu. Friji haimtulizi, kwa kuwa huruka hata hewa ikikaribia nyuzi 0. Mweke kwenye friza nusu saa. Ukimtoa, usifungue kichupa mpaka kipate joto la chumba. Ukiharakisha, umande utamwangukia, mabawa yatanata mwilini, na mishipa unayoitafuta hutaiona tena.

Anza na mdomo. Mbu ana mrija mrefu ulionyooka mbele ya kichwa. Trichocera ana mdomo mfupi tu. Kisha bawa: mishipa ya bawa la mbu na ukingo wake wa nyuma vimejaa magamba madogo, ilhali huyu ana vinyweleo tu. Magamba hufutika kwa vidole, kwa hiyo mshike mguu kwa kibano, la sivyo utamkuta mbu asiye na magamba ukadanganyika.

Geuza sasa mgongo wa kifua. Trichocera ana mfereji wenye umbo la V, ambao mbu hana, wala vijidudu vya familia ya Chironomidae, vinavyofanana na mbu, ambavyo dume lake lina papasi (vipapasio vya kichwani) zenye manyoya kama brashi.

Kosa kubwa huja hapa, kwa sababu nzi wenye miguu mirefu wa familia ya Tipulidae nao wana V hiyo hiyo. Kinachowatenganisha kiko utosini. Mulika kutoka ubavuni, utazame kati ya macho makubwa mawili: Trichocera ana vijicho vitatu vidogo vinavyong'aa kama matone, na Tipulidae hawana hata kimoja. Kichwa kikikauka na kusinyaa vijicho hivyo hufichika, basi vitazame siku ile ile.

Thibitisha kwa bawa. Litandaze juu ya karatasi nyeupe, ufuate mshipa wa mwisho kabisa, ule wa karibu na mwili. Kwa Trichocera ni mfupi na hupinda ghafla kama ndoana kuelekea ukingo wa nyuma. Kwa Tipulidae huenda mbali zaidi bila kukunjika hivyo. Vijicho na ndoana vikipatana, jenasi umeipata.

Msimu peke yake hauthibitishi kitu. Majike ya mbu Culex pipiens hupitisha baridi wakiwa wamejibanza kwenye vyumba vya chini ya nyumba, na mmoja anaweza kukutokea sebuleni Januari. Na ukikuta juu ya theluji mdudu asiye na mabawa anayetembea kama buibui, hesabu miguu: ikiwa sita, huenda ni Chionea, nzi aliyepoteza mabawa akabaki na vile vijirungu viwili vya kusawazishia mwili.

Kufika kwenye spishi ni kazi nyingine. Tumbo lenye pete nyeusi na njano huelekeza kwa Trichocera annulata. Doa jeusi kwenye mshipa mdogo wa kukatiza katikati ya bawa huelekeza kwa T. regelationis, aliyepewa jina na Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, mwaka 1758, ingawa ndugu zake kadhaa wanalo pia. Mabawa ya T. hiemalis hayana doa. Uamuzi hutolewa na viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini. Piga picha kwanza, kwa kuwa rangi hufifia kwenye spiriti, ndipo umhifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 70. Ukiwa na jike peke yake, andika kwenye lebo tarehe, mahali na neno Trichocera, uishie hapo.