Namna ya Kuchora Mtandao wa Wakurugenzi Wanaounganisha Kampuni za Nchi Mbalimbali

Binti wa jirani yetu hapa Langoni, Lamu, alipokuja likizo kutoka chuoni aliniletea kompyuta yake akanionyesha mchoro wa utafiti wake. "Mwalimu, huyu mtu mmoja ameunganisha nchi nne peke yake," aliniambia kwa furaha. Tulipokaa na kuchambua jina hilo, tuligundua kwamba halikuwa la mtu mmoja bali la watu watatu. Mwongozo huu nimeuandika kutokana na siku mbili tulizozitumia kuisahihisha kazi ile, kwa manufaa ya yeyote anayetaka kujua ni nani wanaoketi katika bodi za kampuni kubwa zaidi ya moja.

Hatua ya kwanza: chagua kampuni na tarehe

Andika orodha ya kampuni kabla ya kutafuta jina lolote la mkurugenzi, kisha uamue tarehe moja ya kuangalia bodi zote. Usichukue tu "ripoti ya mwaka 2021" kutoka kila kampuni, kwa kuwa mwaka wa hesabu wa Safaricom hufungwa tarehe 31 Machi, wa East African Breweries tarehe 30 Juni na wa KCB tarehe 31 Desemba. Mkurugenzi aliyetoka bodi moja mwezi wa Mei na kuingia nyingine mwezi wa Septemba ataonekana ameketi katika zote mbili, ilhali hajapata kufanya hivyo hata siku moja.

Hatua ya pili: kusanya majina

Mimi hutegemea ripoti za mwaka za kampuni zenyewe na daftari za serikali. Kwa Kenya utaomba hati ya CR12, inayoorodhesha wakurugenzi na wanahisa wa kampuni, kupitia eCitizen. Kwa Uingereza, daftari la Companies House husomwa bure mtandaoni. Kwa Marekani, tafuta taarifa ambayo kampuni huwapelekea wanahisa kabla ya mkutano mkuu, iliyohifadhiwa katika EDGAR, hazina ya mtandaoni ya tume inayosimamia masoko ya hisa ya huko. Kurasa za biashara zinazonakili majina bila kutaja tarehe sizitumii kabisa. Kampuni kubwa za Ujerumani zina bodi mbili, ya uendeshaji na ya usimamizi, kwa hiyo andika zote mbili lakini uziwekee alama tofauti.

Hatua ya tatu: hakikisha mtu ni yule yule

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Ukimuulizia Mohamed Ali mjini Lamu, hakuna atakayekuelekeza kabla hajakuuliza: yupi, wa Langoni au wa Mkomani, na ni mwana wa nani? Swali hilo hilo liulize kwa kila jina lililo katika jedwali lako.

Mpe kila mtu nambari yake, kisha nambari hiyo ndiyo iunganishe safu zako, si jina. Kando ya nambari andika jina kama lilivyochapishwa, mwaka wa kuzaliwa, uraia, wadhifa na tarehe ya kuingia katika bodi. Usiyaunganishe majina mawili mpaka angalau mambo mawili zaidi ya jina yakubaliane. Ushahidi ninaouamini kuliko wote ni wasifu: ripoti ya kampuni ya kwanza ikisema kwamba mkurugenzi huyu anaketi pia katika bodi ya kampuni ya pili, na ripoti ya pili ikaitaja ya kwanza, shaka imekwisha.

Kosa la upande wa pili ni kumgawa mtu mmoja. Mohamed, Mohammed na Muhammad huweza kuwa mtu yule yule katika ripoti tatu. Mwingereza aliyepewa cheo cha ulodi huanza kuandikwa kwa jina la cheo, na mwanamke aliyeolewa huenda akabadilisha jina la ukoo katikati ya kipindi unachokichunguza. Daftari la Uingereza lenyewe, ambalo huonyesha mwezi na mwaka wa kuzaliwa bila siku, linaweza kuwa na kurasa mbili za mtu mmoja kwa sababu tu anwani yake iliandikwa kwa namna mbili.

Programu za kulinganisha majina zenyewe sizishauri. Niliwahi kuitumia mojawapo, ikaunganisha baba na mwanawe wenye jina moja, nami sikugundua mpaka nilipoona mkurugenzi aliyeteuliwa kabla ya kuzaliwa. Majina mia tatu hupitiwa kwa macho, jioni kwa jioni, na hiyo ndiyo njia ninayoiamini.

Hatua ya nne: tenga viti vya umiliki

Si kila kiungo kina maana moja. Mwaka 2021 Michael Joseph alikuwa mwenyekiti wa bodi ya Safaricom na pia ya Kenya Airways. Hicho ni kiungo cha mtu. Lakini mkurugenzi anayeletwa Safaricom na kundi la Vodacom na Vodafone, lililokuwa na takriban asilimia 40 ya hisa mwaka huo, anafuata hisa, na atakayempokea atakaa kwenye kiti kile kile; hicho ndicho kiti cha umiliki. Waziri wa Hazina ya Taifa naye ana kiti katika Safaricom na katika KCB kwa wadhifa wake, na mara nyingi huwakilishwa na mkurugenzi mbadala. Ukimwandika mbadala peke yake utakikosa kiungo cha serikali. Ongeza katika jedwali safu wima moja ya aina ya kiti: huru, mtendaji, mwakilishi wa mwanahisa, au wa wadhifa.

Hatua ya tano: chora

Mimi hutumia Gephi, programu ya kuchora mitandao, ambayo ni ya bure. Kila kampuni huwa nukta, na mstari huunganisha kampuni mbili zenye mkurugenzi mmoja. Kumbuka kwamba mtu wa bodi mbili huzaa mstari mmoja, wa bodi tatu huzaa mitatu, na wa bodi tano huzaa kumi, kwa hiyo watu wachache huweza kuujaza mchoro mzima.

Hatua ya sita: pima mistari inayovuka mipaka

Ipake rangi nyingine mistari inayounganisha kampuni za nchi tofauti, kisha uihesabu pamoja na viti vya umiliki na bila ya viti hivyo. Usishangae ikiwa michache. Watafiti William Carroll na Meindert Fennema walipolinganisha kampuni kubwa 176 za dunia kati ya mwaka 1976 na 1996, waliona viungo vya kitaifa vingali imara. Halafu mwondoe kila mtu anayevuka mpaka, mmoja baada ya mwingine, uone kama nchi mbili zinaachana kabisa anapoondoka. Nchi zikiachana, rudi hatua ya tatu na umhakikishe upya mtu huyo kabla ya kuandika neno lolote juu yake.