Namna ya kupima vihatarishi vya fedha haramu katika SACCOS ndogo

Pendekezo la kwanza kati ya 40 ya FATF, chombo cha kimataifa kinachoweka viwango vya kupambana na utakasishaji wa fedha haramu, halitaki kila mwanachama ajaziwe fomu ileile ndefu, bali linataka taasisi ipime kwanza hatari iko wapi, kisha ielekeze nguvu zake huko.

Anzeni na daftari la miamala ya miezi 12 iliyopita, si na kiolezo cha kuazima benki. Meneja, mhasibu na karani wa dirishani (ambaye ndiye anayejua mengi, ingawa ni nadra kuitwa kikaoni) wajiulize: wanachama wetu ni akina nani, tunawapa huduma zipi, fedha zinaingia kwa njia gani, na zinatoka maeneo gani? Kila jibu lipewe daraja la chini, la kati au la juu, na sababu iandikwe. Daraja lisilo na sababu halitamsaidia mkaguzi wala ninyi wenyewe.

Mama lishe anayeweka shilingi 20,000 kila jioni, noti zikiwa bado zinanukia mafuta ya kukaangia, ni wa daraja la chini, na taratibu za kawaida za utambuzi zinamtosha. Sasa mtazameni mwanachama aliyejiandikisha kuwa mkulima, akakopa milioni 6 za kulipa kwa miezi 24, kisha katika mwezi wa tatu tangu akope akaumaliza mkopo wote kwa taslimu, milioni mbili mbili kwa siku tatu mfululizo. Bodi nyingi zitampongeza. Lakini kama taslimu ile ni chafu, imebaki kwenu, naye ameondoka na fedha za mkopo zenye nyaraka safi. Muulizeni kwa heshima fedha zimetoka wapi, na muombe uthibitisho, kwa mfano stakabadhi za mauzo ya mazao. Akishindwa kueleza, au maelezo yasipoafikiana na shughuli yake, taarifa ipelekwe bila kuchelewa kwa Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu, yaani chombo cha serikali kinachopokea taarifa za miamala ya kutilia shaka, na mwanachama asidokezwe kamwe kwamba imepelekwa.

Daraja la chini hupunguza ukali wa ufuatiliaji tu. Haliwaondolei ninyi wajibu wa kutoa taarifa juu ya mtu huyo. Mama lishe yuleyule akianza kuweka milioni tatu kwa wiki, daraja lake libadilishwe siku hiyohiyo. Kwa kikundi au kampuni, tafuteni mmiliki manufaa, yaani mtu halisi anayenufaika, hata kama jina lake halimo kwenye fomu. Kumbukumbu zote zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 5, au zaidi pale sheria inapotaka hivyo.

Tathmini irudiwe kila mwaka, na pia kabla ya kuanzisha huduma yoyote mpya, hasa ya kuweka akiba kwa simu, maana humo karani haoni tena sura ya anayeleta fedha.